Weupe Ulioyeyuka Mara Mbili

Faili lilikuwa jembamba, na hilo peke yake lilimkera Chujio. Kurasa kumi na moja kwa kifo cha mtu mzima! Hata kesi ya kuku aliyeibwa hula karatasi zaidi ya hizo. Alilisoma mara ya tatu akiwa amesimama dirishani, kisha akalirudisha mezani kwa mkuu wa kituo bila kulitia sahihi.

"Umemaliza?" mkuu akauliza, macho yakiwa kwenye simu.

"Bado."

"Bado nini? Mtu amekufa, mtu amekiri, maabara imethibitisha. Unataka marehemu naye aje atoe ushahidi?"

Kituo kizima kilimwita Chujio kwa sababu hiyo hiyo: mambo yaliyowapita wenzake kama maji, yeye yalimkwama. Lilikuwa jina la utani, na siku nyingine lilikuwa tusi. Leo lilikuwa yote mawili.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mzee mmoja mwenye karakana ya sabuni nyuma ya nyumba yake alifungua pipa la kostiki asubuhi ya Ijumaa, hatua tatu tu kutoka kwenye jiko la gesi la kuchemshia mafuta. Pipa likalipuka. Kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ikamrukia usoni na kifuani, na Jumapili akafariki hospitalini bila kusema neno. Jioni hiyo mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, akaja kituoni kwa miguu yake akasema, "Ni mimi. Ni jagi langu."

Karakana ile ina sheria moja, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: ALUMINI MARUFUKU. Kila mtengeneza sabuni anajua kwamba kostiki hula alumini kama mchwa anavyokula mbao, na ikila hutoa gesi inayowaka kwa cheche moja. Yule mkamwana alikuwa akipimia mafuta kwa jagi la alumini. Tangu Alhamisi jioni jagi halikuonekana tena.

"Anasema lilitumbukia kwa bahati mbaya," Chujio akasema.

"Jumatano waligombana na mkwewe mpaka majirani wakaja kuamua. Alitaka kuhama akaanzishe sabuni zake, mzee akakataa. Alhamisi jagi linapotea. Ijumaa mzee analipukiwa. Bahati mbaya gani hiyo yenye ratiba? Kikulacho ki nguoni mwako, Chujio. Hii ni kuua kwa kukusudia, na saa kumi jioni faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, lina sahihi yako, halina sahihi yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi.

Mkamwana alikuwa ameketi kwenye kona ya mahabusu, kanga imekunjwa kifuani mara mbili. Blauzi yake ilikuwa imelowa kwa maziwa. Mtoto wake wa miezi saba alibaki kwa bibi yake, mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameapa mbele ya waombolezaji kwamba muuaji hatamshika mjukuu wake tena.

"Nani alikuona ukiangusha jagi?" Chujio akauliza.

"Hakuna, afande."

"Wewe mwenyewe ulijiona?"

"Sikujiona."

"Sasa unajuaje kwamba lilitumbukia?"

"Kama halimo pipani liko wapi?" Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nililiweka pale ukingoni mwa pipa, nikaenda kumnyonyesha mtoto. Niliporudi, baba mkwe ameshafunga mfuniko. Nikatafuta jagi chini, nikatafuta rafuni, hakuna. Nikajisemea, nitaliona kesho. Kesho yenyewe ndiyo ile."

"Pipa hilo ndilo la siku zote?"

"La siku zote ni la plastiki. Lilipasuka kitako Alhamisi mchana, tukahamishia kostiki kwenye pipa la buluu lililokuwa la maji, hapo hapo nyumbani. La chuma. Chuma hakina neno na kostiki." Akainua macho. "Afande, mtoto wangu hajawahi kushika chupa. Anakula nini?"

Chujio akaona aibu, akatoka.

Maabara ya polisi ilikuwa chumba kimoja chenye sinki lililoziba. Mtaalamu wake, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimpokea kwa uchangamfu wa mtu asiye na wasiwasi na kazi yake.

"Kostiki iliyobaki kwenye pipa niliitia tindikali kidogo kidogo," akaeleza. "Ukatokea ukungu mweupe, mzito kama uji. Nikaongeza tindikali, weupe ukayeyuka, ile neli ya kioo ikawa kama maji. Nikageuza, nikatia kostiki safi: weupe ukarudi. Nikazidisha kostiki: ukayeyuka tena! Weupe unaoyeyuka pande zote mbili, afande. Hiyo ni haidroksidi ya alumini. Imo kitabuni."

"Kitabu kinasema ni alumini peke yake yenye tabia hiyo?"

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Afande, mliniletea karatasi imeandikwa 'tafuta alumini'. Nikatafuta alumini, nikaipata."

"Sikuuliza uliambiwa nini."

"Kuna nyingine," kijana akasema kwa sauti ya chini. "Sikumbuki zote."

Chujio akamwomba nusu ya kostiki iliyobaki kwenye chupa. Wakaipima, wakaifunga kwa lakiri, wakatia sahihi wote wawili na kuandika saa: tano na nusu. Usiache mlango wazi kwa wakili, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya hata siku alizokuwa na haraka.

Alimkuta mwalimu wa kemia kwenye maabara ya sekondari, anasahihisha madaftari. Mwalimu huyo alikuwa amestaafu mara mbili na kurudishwa mara mbili, kwa sababu hapakupatikana mwingine. Alimtazama Chujio juu ya miwani, akatazama chupa, akamtazama tena.

"Si wewe uliyeniandikia kwenye mtihani kwamba mvuke ni moshi uliooga?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Na leo umekuja kujifunza. Kweli elimu haina mwisho. Vua koti, vaa miwani ile, na usiguse kitu mpaka nikwambie."

Chujio akamweleza shida. Mwalimu hakutania tena. Alichukua neli mbili, akazibandika namba. Katika ya kwanza akatia kostiki ya pipa. Katika ya pili akatia kostiki safi aliyoyeyushia kipande cha karatasi ya alumini aliyofungia mkate wake wa mchana. Zote mbili akazitia tindikali tone kwa tone. Zote zikawa nyeupe, kisha zikawa safi.

"Mpaka hapa kijana wenu hakukosea," akasema. "Haidroksidi nyingi za metali zina upande mmoja. Ukizipa tindikali zinayeyuka, ukizipa kostiki zinakaa chini zimenuna. Chache ndizo zinazokubali kote kote, kama mgeni anayekula kwa bwana harusi, kisha anavuka barabara kula kwa bibi harusi. Alumini ni mmoja. Risasi yumo. Zinki yumo. Kijana wenu alimwona mgeni anakula mara mbili, akasema lazima ni fulani, kwa kuwa fulani ndiye aliyetajwa mlangoni."

"Tutawatenganishaje?"

"Kwa amonia. Hesabu matone, kwa sauti. Safari hii nataka usikose."

Chujio akahesabu. Harufu ikampanda puani, machozi yakamtoka. Kwa muda matone yalimalizana na tindikali iliyozidi, hakikuonekana kitu. Halafu neli zote mbili zikaanza kuchafuka, weupe ukajikusanya na kuelea kama maziwa yaliyoganda. Mwalimu hakusimama. Tone la ishirini, la thelathini. Neli ya pili, ile ya karatasi ya alumini, ikabaki vile vile, weupe umeganda hautaki kusikia. Neli ya kwanza ikaanza kutakata kuanzia juu. Kufika tone la arobaini na moja, Chujio aliweza kusoma namba ya kalenda ukutani kupitia humo.

"Lo!" akasema.

"Alumini haikubali amonia. Zinki inakubali. Risasi nayo haikubali, kwa hiyo mwondoe. Kama jagi zima la alumini lingekuwa limeyeyukia humu, neli hii ingebaki nyeupe mpaka kesho." Mwalimu akaweka chini mrija wa kudondoshea. "Na zinki nayo ikikutana na kostiki hutoa gesi ile ile. Kuna mtu amefungwa kwa jambo hili?"

"Mama wa mtoto wa miezi saba."

"Basi tunarudia. Mara moja si ushahidi."

Wakarudia mara mbili. Jibu halikubadilika. Mwalimu akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko ule ule uliowahi kumpa Chujio maksi kumi na nne kwa mia, akatia sahihi.

"Mwalimu, mtu wa kawaida anaipata wapi zinki?"

"Analala chini yake kila siku. Bati la paa ni chuma kilichochovywa kwenye zinki kisipate kutu. Ndoo za bati, matangi, misumari ya paa. Watu wanaona bati wanasema chuma. Si uongo. Ila wamemtaja mvaaji, wamesahau nguo."

Saa saba na robo Chujio alikuwa kwenye ua wa kituo, amepiga magoti mbele ya pipa la buluu. Tangu Ijumaa lilikuwa limelazwa hapo chini ya turubai, mdomo umepinda kwa mlipuko. Nje ni rangi ya mafuta, buluu iliyopakwa kwa brashi ya mkono. Waliolipiga picha walilipiga kwa nje. Ndani hakuna aliyetazama, na kwa nini atazame? Mkosaji alikuwa ameshajileta.

Akaingiza tochi, akaingiza na kichwa. Kuanzia kitako mpaka katikati, chuma kilikuwa cheusi, kimefifia. Hapo katikati palikuwa na mstari ulionyooka, pale uso wa kostiki ulipofikia. Juu ya mstari ule mambo yalikuwa mengine kabisa: chuma kilikuwa na rangi ya fedha, na juu yake yametapakaa yale maua ya bati ambayo kila mtu ameyaona kwenye paa jipya.

Alikaa humo kitambo, mpaka askari wa zamu akamuuliza kama amekwama. Hakuwa amekwama. Hakuna mtu aliyetia kitu ndani ya pipa. Pipa lenyewe ndilo lililoliwa. Usiku kucha kostiki ilikuwa ikilamba zinki ya kuta zake, gesi inajaa chini ya mfuniko, na asubuhi mzee akaja kufungua karibu na moto.

Akakwangua kidogo juu ya mstari na kidogo chini yake, akafunga katika bahasha mbili, akaita mpiga picha. Kisha akaondoka kwenda nyumba ya msiba.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Mjane alikuwa chumba cha ndani, amepakata mtoto anayelia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Chupa ya maziwa ilikuwa kando, imejaa.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, afande. Mmeshamfikisha mahakamani yule?"

"Bado. Nataka kuuliza juu ya pipa la buluu."

"Pipa lina nini?"

"Lilikuwa la nani?"

"Langu." Akajibu haraka, na kwa fahari kidogo, hata katika msiba. "Nililinunua mwaka juzi nikalipaka rangi mwenyewe. Lilikuwa la maji ya jikoni. Alhamisi ile, plastiki ilipopasuka, kostiki inatambaa sakafuni, mzee ameshika kichwa, sabuni za wateja zimeshaagizwa. Nikamwaga maji yangu yote uani. Nikamwambia mzee, chukua hili. Hili si alumini, hili ni chuma." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Ile sheria ukutani unaiona? Nimeiandika kwa mkono wangu. Miaka ishirini na sita hakijaingia kijiko cha alumini mle, mpaka alipoingia huyo."

"Lilikuwa bati, mama. Kabla hujalipaka."

"Bati ni chuma!"

"Ndani yake ni chuma. Juu yake wanapaka zinki. Kostiki inakula zinki kama inavyokula alumini, na gesi ni ile ile."

Mjane akamtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Nani amewahi kutuambia habari za zinki?"

"Hakuna, mama. Hata maabara yetu haikujua. Tumepima mara tatu. Jagi halikuingia pipani."

"Jagi liko wapi, basi?"

"Sijui." Na kweli hakujua, na hadi leo hakuna ajuaye. Vitu hupotea kwenye nyumba za watu, wala havina kesi.

Barazani mtu alikohoa. Mtoto akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, akaanza upya. Chujio akauliza swali la mwisho kwa sababu ilibidi aliulize.

"Nani alisema mfuniko ukazwe?"

Mjane alimtazama mjukuu wake, mikono yake midogo, magoti yaliyochubuka kwa kujifunza kutambaa.

"Niliogopa ataingiza mkono," akasema hatimaye. "Nikamwambia mzee akaze kwa spana."

"Ndivyo mtu yeyote angesema."

"Usinibembeleze, afande, mimi si mtoto. Pipa langu. Neno langu. Na yule binti wa watu nimemwita muuaji mbele ya umati mzima." "Sasa unataka nini kwangu?"

"Maelezo. Pipa lilitoka kwako, lilikuwa bati, wewe ndiye uliyelitoa. Bila hayo mkuu wangu atasema mkamwana ndiye aliyelitafuta kwa makusudi. Saa kumi faili linaondoka."

"Nikisema, mtanifunga mimi?"

"Sidhani, mama. Lakini siwezi kukuapia."

Mjane aliisogeza chupa ya maziwa pembeni. Kisha akasimama, akambeba mtoto mgongoni, akakaza kanga. Alipopita barazani wanawake wakauliza anakwenda wapi na wageni wako njiani. "Kusema," akajibu, akaendelea kutembea.

Mkuu wa kituo alisoma karatasi ya mwalimu mara mbili, akasoma maelezo ya mjane, akatazama picha za ndani ya pipa. Alitafuta pa kushika, hapakuwa na pa kushika.

"Kwa hiyo aliyekiri hakufanya kitu," akasema.

"Alikiri alichokiamini."

"Watu wana kazi." Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya neno kukusudia, halafu juu ya ukurasa wote. "Mtoe. Na kijana wa maabara umlete hapa, nimweleze tofauti ya kutafuta na kupata."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Wakamtoa mkamwana mpaka kwenye benchi la mapokezi. Alipomwona mama mkwe wake akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta. Mjane akafungua kanga bila kusema, akampa mtoto. Mkamwana akaketi, akampa ziwa, na kelele zote za siku tatu zikakatika mara moja. Askari wa mapokezi akageukia daftari lake ingawa hakuwa na la kuandika.

"Si jagi lako," mjane akasema. Alikuwa amesimama wima kama anayetoa maelezo tena. "Wamepima. Ni pipa. Pipa langu la maji, ndilo lililomuua baba yenu. Nilikuita vile, na wewe hukutenda lolote."

Mkamwana hakuinua kichwa. Alikuwa akimpapasa mtoto nywele, taratibu, machozi yakimdondokea mtoto sikioni.

"Mwanao anafika leo," akasema. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, amekosa hata mazishi ya baba yake, na mpaka dakika ile alijua lile lile waliloamini watu wote, kwamba mkewe ndiye aliyeua. "Nani atamwambia?"

"Nitamwambia mimi. Ni langu hilo."

"Peke yako hutaweza, mama. Lile pipa tulilibeba wote wawili."